Mtumba, fundi au Kariakoo: nguo za kazi za mwanaume zinunuliwe wapi kwa pesa kidogo?

Kijana aliyepata kazi ya kwanza ya ofisini hushauriwa mambo matatu tofauti, kutegemea nani amekaa naye. Rafiki wa mtaani atamwambia awahi soko la mitumba la Karume alfajiri. Mjomba atamwambia anunue kitambaa Mtaa wa Uhuru apeleke kwa fundi. Mwenzake waliyemaliza naye chuo atampeleka Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kumwonyesha suti iliyovalishwa sanamu dukani: koti, suruali, shati na tai, vyote kwa bei moja. Kila mmoja anasema kweli kwa nguo fulani, na anapotosha kwa nguo nyingine. Suruali ina mahali pake pa kununuliwa, koti lina pake, viatu vina pake. Anayenunua vyote sehemu moja atalipa zaidi kwa kitu cha kawaida, kisha abane pesa kwenye kitu kitakachoonekana na watu kila siku.

Nitalinganisha nguo moja baada ya nyingine, nikiwa na Dar es Salaam akilini: joto, jasho, daladala na vumbi la bodaboda. Aliyeko Njombe, Mbeya, Arusha au Nairobi atabadilisha uzito wa kitambaa, lakini mengi ya hapa yatamfaa.

Suruali: nenda kwa fundi

Suruali ndiyo nguo ya kazi inayoteseka kuliko zote. Unaikalia saa nane, unapanda nayo mwendokasi, unainama nayo, na ikikukaa vibaya hakuna koti litakaloficha. Naanza na hii kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosea mgawanyo wa pesa: wanaweka akiba yote kwenye koti watakalovaa mara mbili kwa mwezi, kisha suruali ya kila siku wanaokota yoyote.

Ya dukani, ile ya bei nafuu, hushonwa kwa umbo moja la kukadiria. Mwenye mapaja makubwa na kiuno chembamba, na ndivyo walivyo vijana wengi wanaocheza mpira, hulazimika kuchukua saizi inayoingia mapajani, halafu kiuno kinabaki kimelegea na mkanda unakusanya mikunjo nyuma. Tena nyingi hazina akiba ya kitambaa kwenye mshono wa nyuma, kwa hiyo ukinenepa kidogo huwezi kuiachia. Ya mtumba inaweza kuwa na kitambaa kizuri mno, hata sufu halisi, ila angalia sehemu mbili kabla hujauliza bei: kati ya mapaja, ambako nyuzi huwa zimesagika, na kwenye makalio, ambako kitambaa kilichopigwa pasi miaka mingi hung'aa. Mng'ao huo hauondoki. Ishike juu ukiielekeza kwenye jua. Kama mwanga unapita zaidi katikati ya mapaja kuliko magotini, iache.

Kwa fundi unalipia vitu viwili, kitambaa na mshono. Kitambaa cha upana wa sentimita 150 kinatoa suruali ya mtu wa kawaida kwa mita 1.2 au 1.3, mrefu au mnene achukue mita 1.5. Hapo dukani utaonyeshwa vitambaa vyenye maandishi pembeni ya kukuaminisha kwamba ni sufu ya Uingereza. Maandishi hayo si ushahidi. Omba uzi mmoja, uchome kwa kiberiti. Sufu huungua taratibu, hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Pamba huungua haraka kama karatasi. Muuzaji mzoefu hatakukatalia.

Kwa joto la Pwani sisemi lazima upate sufu. Kitambaa cha mchanganyiko wa poliesta na viskosi (uzi laini unaotokana na mti), cha uzito wa kati, hukaa vizuri, hakikunjiki hovyo kwenye kiti cha daladala, na kinafulika nyumbani. Kinachofaa kuepukwa ni poliesta tupu nyembamba inayong'aa. Hiyo hunata mwilini ikifika saa saba mchana, na cheche ya pasi ikiigusa imeharibika.

Fundi naye ana namna ya kuelekezwa. Usimweleze kwa maneno kwamba unataka "ya kisasa lakini isibane". Mpelekee suruali yako moja inayokukaa vizuri, aipime hiyo pamoja na wewe. Mwambie aache akiba ya sentimita 2 au 3 kila upande kwenye mshono wa nyuma, na atumie pamba nzito kwenye mifuko, maana mifuko ndiyo hutoboka kwanza kwa funguo na sarafu. Pindo la chini asilishone mpaka uje kujaribu ukiwa na viatu vya kazi. Na mpelekee kazi wiki mbili kabla ya kuihitaji. Januari mafundi wamezama kwenye sare za shule, na kabla ya Idi au Krismasi hata fundi mwaminifu atakuambia "njoo kesho" mara tatu.

Ukiweka hesabu, suruali ya fundi huenda ikagharimu mara mbili ya ile ya mtumba. Tuseme moja ni shilingi 20,000 na nyingine 40,000, kwa mfano tu, maana bei hutofautiana mtaa na mtaa. Ya kwanza ikidumu mwaka, na ya pili ikaachiwa kiuno, ikabadilishwa zipu, ikaenda miaka mitatu, aliyelipa kidogo ni nani?

Koti: mtumba, bila kusita

Hapa mambo yanageuka kabisa. Koti ni nguo ngumu kushona. Ndani yake, kati ya kitambaa cha nje na bitana (kitambaa cha ndani), kuna tabaka linalolipa kifua umbo. Makoti mazuri yana tabaka lililoshikizwa kwa nyuzi, likicheza huru. Makoti ya bei nafuu yana tabaka lililogandishwa kwa gundi na joto. La gundi, baada ya kufuliwa vibaya au kupigwa pasi yenye mvuke mara kadhaa, hubanduka, na kifua kikajaa malengelenge. Umewahi kuona koti jipya lililoharibika hivyo ndani ya mwaka mmoja? Tatizo ni hilo.

Suti ya seti ya dukani, ile ya bei moja na tai yake, karibu siku zote ni ya gundi, na kitambaa chake ni poliesta. Ningeikataa kabla ya kitu kingine chochote kwenye orodha hii. Fundi wa mtaani naye, pamoja na heshima zote ninazompa kwa suruali, mara nyingi hana nyenzo za kujenga kifua na mabega. Wapo mafundi wa suti wanaoiweza kazi hiyo, lakini bei yao inalingana na ujuzi wao, na utahitaji mita 3 hadi 3.5 za kitambaa kwa suti nzima. Hiyo ni kazi ya mwaka wa pili, au ya harusi.

Kwenye mtumba, koti lililoshonwa kwa ustadi huko Ulaya, likavaliwa mara chache na kutupwa kwa sababu mwenyewe alinenepa, linaweza kuangukia mikononi mwako kwa bei ya shati jipya. Jaribio lake ni rahisi: bana kitambaa kwa vidole chini ya tundu la kifungo cha mwisho, vuta cha nje upande mmoja na cha ndani upande mwingine. Ukisikia tabaka la tatu likiteleza katikati, umeshika koti lenye thamani. Usiposikia kitu, huenda ni la gundi. Si kwamba halifai, ila bei ishuke.

Kisha mabega. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Bega likizidi au likipungua, rudisha koti kwenye lundo hata kama rangi yake imekuteka moyo, kwa sababu kulirekebisha ni kulifumua lote. Urefu wa koti pia haurekebishiki, mifuko inabaki ilipo. Vinavyorekebishika ni kiuno cha koti, urefu wa mikono, vifungo na bitana iliyochanika kwapani. Mikono ifupishwe mpaka shati lionekane kama sentimita moja hivi. Kama vifungo vya mkononi vina matundu halisi yanayofunguka, kufupisha kunakuwa taabu, basi chagua lenye urefu wako tayari.

Saizi zinawachanganya wengi. Koti la Uingereza au Marekani huandikwa kwa inchi za kifua, 38, 40, 42, na herufi ya urefu pembeni. La Ulaya bara huandikwa 48, 50, 52. Toa kumi kwenye ya Ulaya utapata ya Uingereza: 50 ni 40. Mashati nayo: kola ya 15 ni 38 ya Ulaya, ya 16 ni 41 hivi. Ukizijua namba zako mbili hizi, utapita kwenye rundo la makoti mia kwa dakika chache wakati wengine bado wanajaribu moja moja.

Kuna jambo la uzito. Makoti mengi yanayokuja yalishonwa kwa ajili ya baridi. Njombe utashukuru. Dar tafuta lenye bitana nusu tu mgongoni, au kitambaa chepesi kinachopitisha upepo ukikipuliza kwa mdomo. Na usilifue koti kwenye beseni. Litundike uani lipigwe na upepo siku mbili harufu ya robota (furushi la mitumba) iishe, kisha lipeleke kwa dobi anayejua makoti.

Mambo ya rangi niyaseme hapa hapa. Nyeusi ndiyo chaguo la wengi na mimi siipendekezi kama koti la kwanza, isipokuwa kwa wakili, ambaye mahakama imemwamulia. Nyeusi inaonyesha kila punje ya vumbi, inachujuka kuelekea ukijani kwa jua, na koti jeusi la mtumba halitakubaliana na suruali nyeusi ya fundi. Ukisimama nje weusi wao unatofautiana waziwazi. Bluu iliyokoza juu, kijivu chini. Tofauti inakuwa ya makusudi, na kila mtu anaiona hivyo.

Shati

Mashati ya rangi, yenye mistari na ya bluu hafifu: mtumba. Utapata pamba tupu ambayo mpya usingeimudu, na kwa joto letu pamba ina faida kubwa, maana poliesta huhifadhi harufu ya jasho hata baada ya kufuliwa. Kagua mkunjo wa kola, kwapa, na mwisho wa mikono. Kola iliyosagika kwenye mkunjo inaweza kugeuzwa na fundi, upande wa chini ukaja juu, na shati likapata maisha mapya. Kwapa lenye umanjano liache, halisafishiki.

Shati jeupe ndilo pekee ninalosema nunua jipya dukani. Jeupe la mtumba huwa limeshaanza kuwa na rangi ya maziwa, na chini ya taa za ofisi linaonekana limechoka. Soma lebo, pamba asilimia 60 na kuendelea inavumilika. Shingo ipitishe vidole viwili kola ikiwa imefungwa.

Shati la fundi kwa kazi ya kila siku sioni sababu yake, ila kwa mtu mwenye mikono mirefu au tumbo ambalo mashati ya lebo yamemkataa. Kwa Ijumaa, shati la kitenge la fundi ni jambo jingine. Hapo fundi hana mpinzani, na ofisi nyingi zinaliruhusu. Uliza kwanza. Utumishi wa umma una mwongozo wake wa mavazi, na benki nyingi zina wao.

Fulana za ndani, soksi na chupi ni mpya, basi. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba, na hata bila marufuku hiyo jibu lingekuwa lile lile.

Viatu

Viatu ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi nikiona vijana wananunua, kwa sababu ndipo ulaghai ulipo mwingi. Kiatu kipya cha bei ya chini kina ngozi ya bandia: kinapendeza mwezi mmoja, kisha panapokunjika pale juu ya vidole panapasuka, na ufa huo hakuna kiwi inayoufunika. Kiatu cha mtumba cha ngozi halisi kilichopasuka kidogo hupakwa rangi nzito kikang'aa kama kipya. Kwa hiyo kikunje kwa mkono wako. Ngozi halisi hutoa mikunjo midogo midogo inayopotea ukikiachia. Ya bandia, au iliyojazwa rangi, hutoa mstari mmoja mkali. Chungulia ndani penye ukingo ambapo ngozi haikufunikwa, utaona nyuzinyuzi zake.

Soli nayo. Iliyoshonwa kuzunguka ni bora, fundi viatu ataibadilisha hata mara mbili. Kuna soli laini nyepesi za povu ambazo zikikaa ghalani miaka bila kuvaliwa huoza zenyewe kwa unyevu. Kiatu kinaonekana hakijaguswa, unatembea nacho mpaka Posta, soli inamomonyoka njiani. Ibonyeze kwa kucha. Ikiacha alama isiyorudi au ikitoa unga, achana nayo.

Kati ya mtumba wa ngozi na mpya wa bandia, mtumba. Kati ya mtumba na mpya wa ngozi uliotengenezwa hapa hapa Afrika Mashariki, kama pesa inaruhusu, chukua mpya: unapata saizi yako kamili, na mguu wako ndio unaokifundisha kiatu umbo tangu mwanzo. Ukiwa na jozi moja tu, iwe nyeusi ya kamba, isiyo na nakshi. Mkanda rangi ileile. Ukifikia jozi mbili, usivae moja siku mbili mfululizo, kwa sababu ngozi inahitaji siku nzima kukauka jasho.

Suti ya Kaunda iko wapi katika hesabu hii?

Suti hii, ya juu na suruali za kitambaa kimoja, inastahili kutajwa kwa sababu ya gharama. Ukishona Kaunda ya mikono mifupi hutahitaji tai wala shati la ndani yake. Haina bitana nzito, kwa hiyo fundi wa mtaani anaimudu vizuri kuliko koti. Kwa Dar ni vazi lenye akili. Upungufu wake ni kwamba juu na chini vinakwenda pamoja. Ile ya juu huwezi kuivaa na suruali nyingine ikaeleweka, kwa hiyo haikuzalishii mabadiliko. Na si kila mlango unaifungulia: Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kenya, Moses Wetang'ula, aliipiga marufuku ndani ya ukumbi, wakati Rais William Ruto mwenyewe alikuwa akiivaa sana. Kwa mwalimu, afisa wa halmashauri au msimamizi wa mradi, ningemshonea moja bila wasiwasi. Kwa anayekwenda usaili wa benki, koti na tai.

Kama huwezi kufika sokoni

Ulinganisho wote huu unachukulia kwamba una mtumba mzuri karibu na muda wa kuuchagua. Karume, Memorial ya Moshi, Mlango Mmoja Mwanza, Gikomba ya Nairobi, Kongowea ya Mombasa: kote huko vizuri huondoka robota linapofunguliwa. Nairobi ile chaguo la kwanza wanaiita kamera na mabaki fagia, na ukifika saa sita mchana unachagua fagia kwa bei ya kamera. Anayefanya kazi hadi Jumamosi ni heri amtafute muuzaji mmoja wa makoti, amwachie namba zake za kifua na kola, amlipe kidogo zaidi ili amwekee.

Na kwa msomaji wa Kigali hesabu inageuka. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na koti ni nguo nzito. Huko fundi anaanza kushindana hata kwenye koti, na Kaunda inapanda nafasi.

Mpangilio wa pesa za mwezi wa kwanza

Anza na suruali mbili za fundi, kijivu na bluu iliyokoza. Mashati manne: jeupe jipya moja, mtumba matatu. Hayo tayari ni mavazi manane tofauti, na wiki ya kazi ina siku tano. Viatu jozi moja na mkanda. Koti lisubiri mwezi wa pili, isipokuwa kazi yenyewe inalidai siku ya kwanza, na hapo azima la ndugu mwenye mabega kama yako kuliko kukimbilia seti ya dukani.

Katika kila bajeti tenga pesa ya fundi kabla hujaenda sokoni, hata kama hununui kitambaa. Shati la mtumba lililopunguzwa mbavuni na koti lililofupishwa mikono ndivyo vinavyomfanya mtu aonekane ameshonewa. Ukiwa na 30,000 ya koti, tafuta la 22,000 na zinazobaki zimpe fundi. Mwezi wa tatu ongeza suruali ya tatu, na jozi ya pili ya viatu, ya kahawia, pamoja na mkanda wake.